Picha za karibu za maua ya mwituni: upepo uache nje, ua lilete mezani

Kwa muda mrefu nilikuwa nikilala kifudifudi kwenye nyasi, nikisubiri upepo utulie. Ua lenyewe lilikuwa la kishonanguo, gugu ambalo watu hulikumbuka pale tu mbegu zake zinapowaganda kwenye suruali. Kila nilipotaka kubonyeza, bua likatikisika. Siku moja nilirudi na picha zaidi ya 60 na zote zilikuwa na ukungu. Kesho yake nililikata ua moja, nikalitia kwenye glasi ya maji, nikaliweka mezani karibu na dirisha. Picha ya tatu ilinifumbua macho: kile kitufe cha manjano cha katikati, ambacho siku zote nilidhani ni kitu kimoja, kilikuwa kundi la maua madogo madogo, kila moja na mdomo wake.

Tangu siku ile, kazi yangu nyingi naifanyia ndani. Sababu ni hesabu tu. Ukipiga picha kwa ukubwa wa 1:1, yaani kitu kikitua kwenye sensa (kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha) kwa ukubwa wake halisi, kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 inaona eneo la milimita 36 kwa 24, basi. Ua likiyumba milimita 1, limehama sehemu moja ya ishirini na nne ya kimo cha picha. Nje hakuna upepo mdogo kiasi cha kukuvumilia hivyo. Ndani ya nyumba upepo unaufungia mlango, halafu unabaki na mambo mawili ya kushughulika nayo: mwanga, na milimita.

Kuchuma

Chuma magugu yaliyo tele. Maua adimu yaache yalipo, ya hifadhini usiyaguse kabisa, na eneo likiwa la mtu omba kwanza. Mmea unaotoa utomvu mweupe nao upite, kama huujui. Jamii ya Euphorbia, kwa mfano, utomvu wake huwasha ngozi na huumiza sana macho, na mpiga picha aliyeinamia kamera hujifikicha jicho kila baada ya dakika mbili bila kujua.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, mabua yakiwa bado yamejaa maji. Kuna sababu nyingine ya kuwahi: kila ua lina saa zake. Yale maua ya buluu ya Commelina, yanayopenda sehemu zenye unyevu, hufunguka asubuhi na ua moja huishi siku moja tu. Ukichelewa unakuta limejikunja na kulainika kama tishu iliyolowa. Oxalis, yenye majani matatu ya umbo la moyo, hufunga maua yake mwanga unapopungua, kwa hiyo ukiiweka kwenye kona yenye giza itakufungia mlango. Kifauongo hukunja majani kwa kuguswa tu, lakini ukikiacha karibu na dirisha bila kukisumbua kwa nusu saa hivi, majani hufunguka tena. Kishonanguo ndicho chenye subira kuliko vyote, ndiyo maana anayeanza namwambia aanze nacho.

Usichume ua moja. Chuma matatu au manne ya umri tofauti: lililo bado tumba, linaloanza kuchanua, na lililokomaa. Katika jamii ya kishonanguo, yenye vichwa kama vya alizeti, maua madogo ya katikati hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea ndani, kwa hiyo kila umri una picha yake.

Njiani yaweke kwenye mfuko wa plastiki wenye kipande cha tishu iliyoloweshwa. Acha hewa ndani ya mfuko ili usiyakandamize, ufunge, uuweke kivulini. Ukifika, zamisha ncha ya bua ndani ya maji na uikate tena kimshazari humo humo majini, hewa isipate nafasi ya kuingia kwenye mishipa ya bua. Kisha yaache yanywe nusu saa hadi saa nzima mahali penye ubaridi. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa ua linainama taratibu katikati ya kazi.

Wakati yanakunywa, yakague. Vidukari hujificha chini ya petali, na sisimizi mmoja uliyemwonea huruma atakatiza mbele ya lenzi wakati mbaya kuliko wote. Vumbi na chavua iliyoanguka ziondoe kwa brashi laini ya kuchorea, ncha yake ikiwa na unyevu kidogo. Usipulize kwa mdomo. Mate yanaonekana.

Lenzi: tumia uliyonayo kwanza

Mwenye simu asijione yuko nyuma. Simu nyingi za sasa, ukisogea karibu sana, huhamia zenyewe kwenye lenzi pana inayoweza kufokasi kwa sentimeta chache. Hapo kuna mitego miwili. Kwanza, kwa umbali huo simu yenyewe inalitia ua kivuli, kwa hiyo mwanga lazima utoke ubavuni au nyuma ya ua. Pili, kuhama huko hutokea kimyakimya na picha hubadilika katikati ya kazi. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuzuia kuhama huko. Kuna pia lenzi ndogo za kubana juu ya kamera ya simu. Hizo zibane kwenye kamera kuu, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye sensa bora, na uzime hiyo tabia ya kuhamahama. Ujanja wa kudondoshea tone la maji juu ya lenzi ya simu unafanya kazi, ila mimi siupendi: tone linatetemeka, na simu haikutengenezwa kwa ajili ya kuogeshwa.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ana njia rahisi kuliko anavyodhani. Pete za kurefusha ni mabomba matupu, hayana kioo ndani, yanayokaa kati ya lenzi na kamera. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 inakuongezea ukuzaji wa 0.5, yaani kitu kinatua kwenye sensa kikiwa nusu ya ukubwa wake. Kwa lenzi ya milimita 100, pete hiyo hiyo inakupa robo tu. Njia nyingine ni kuigeuza lenzi, mbele ikae nyuma, kwa pete maalumu ya kuunganishia; lenzi kuukuu zenye pete ya kubadilishia kwa mkono tundu la kupitishia mwanga ndizo zinazofaa, kwa sababu lenzi iliyogeuzwa haizungumzi tena na kamera.

Lenzi halisi ya makro, yaani ya picha za karibu sana, ya milimita 90 au 100 hivi, ni starehe, na starehe yake kubwa ni nafasi: unakaa mbali kidogo na ua, mwanga unapata pa kupita. Lakini kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunua tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, kabla ya lenzi. Lenzi nzuri mkononi mwa mtu anayetetemeka ni kazi bure.

Meza

Glasi ijaze maji ili iwe nzito. Bua lisiachwe likielea ndani ya glasi. Lishike kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti au penseli iliyosimamishwa, na ulibane karibu na kichwa cha ua, sentimeta 3 au 4 chini yake. Kadiri kibanio kinavyokuwa karibu na ua ndivyo mtikisiko unavyopungua. Kibane kwa upole, na kipande cha tishu katikati, bua lisipondeke.

Kisha zima feni. Nimewahi kupiga picha nusu saa nzima nikilaumu tripodi, kumbe feni ya dari ilikuwa inazunguka taratibu juu ya kichwa changu. Kama sakafu ni ya mbao, kaa mahali pamoja wakati kamera inafanya kazi. Meza iliyogusana na friji au mashine ya kufulia nayo isogeze.

Nyuma ya ua weka karatasi au kitambaa kisichong'aa, umbali wa sentimeta 30 hadi 50. Kijani kilichokolea kinafanana na porini na hakimchoshi mtazamaji. Cheusi kinapendeza kwa maua meupe na yenye manyoya, mradi mwanga wa dirisha usikiangukie. Kijivu chepesi ni chaguo la Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa 1865, ambaye kwa kamera alizojitengenezea mwenyewe alikuza vichipukizi na vikonyo vya mimea ya kawaida hadi mara 30, nyuma yake pakiwa patupu kabisa. Picha zake ukiziangalia leo, mmea unaonekana kama chuma kilichofuliwa na mhunzi. Utupu ule wa nyuma unakulazimisha uangalie umbo.

Mwanga

Dirisha moja linatosha. Jua lisiingie moja kwa moja. Likiingia, tundika kitambaa cheupe chepesi au karatasi nyeupe nyembamba. Weka ua ubavuni mwa dirisha, umbali wa nusu mita au pungufu. Upande wa pili, ule wa kivuli, simamisha kadi nyeupe na uisogeze mbele na nyuma huku ukitazama kivuli kikibadilika kwenye petali. Usiisogeze hadi kivuli kiishe. Ua lisilo na kivuli huonekana bapa kama lililobandikwa ukutani.

Halafu jaribu kitu ambacho wengi hawajaribu: zungusha meza ili dirisha liwe nyuma ya ua, kidogo pembeni. Mwanga unapopenya petali, mishipa yake inajitokeza yote, na vinyweleo vya bua ambavyo kwa macho huvioni vinageuka uzi wa fedha. Mmea wenye manyoya piga hivi kwanza. Kadi nyeupe sasa iweke mbele, chini ya lenzi, ili uso wa ua usibaki giza.

Taa za nyumbani zima zote ukitumia dirisha. Mwanga wa balbu na wa mchana vikichanganyika, petali nyeupe inapata upande wa buluu na upande wa chungwa, na hakuna programu itakayokurekebishia vizuri. Ukilazimika kutumia taa, tumia taa peke yake, ipitishe kwenye karatasi nyeupe, na iwe isiyotoa joto. Kumbuka kwamba taa ikiwa karibu na ua, kivuli hulainika. Ikiwa mbali, kivuli hukauka na kuwa na kingo.

Rangi mbili zitakusumbua. Ya kwanza ni manjano: kwenye skrini inaonekana sawa, ukikuza unakuta petali imekuwa bapa la rangi bila mshipa hata mmoja. Ya pili ni nyeupe iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga. Kwa zote mbili dawa ni ile ile, punguza mwanga wa picha kwa theluthi mbili ya hatua moja, ukikagua grafu ya mwanga ya kamera (histogramu) badala ya kuamini skrini. Kwenye simu, gusa ua kisha telezesha kialama cha jua chini.

Fokasi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa ukubwa wa 1:1, lenzi ikiwa kwenye f/8 (namba ya f hupima tundu: ikikua, tundu hupungua), sehemu inayoonekana sawasawa ina unene wa takriban milimita 1. Ukifungua tundu hadi f/2.8 unabaki na theluthi moja ya milimita. Fikiria kijisahani chembamba cha kioo kinachoning'inia hewani: kilichomo ndani yake kinaonekana, kilicho mbele na nyuma kinayeyuka. Kazi yako ni kuamua kijisahani hicho kipite wapi.

Utafikiri dawa ni kuziba tundu hadi f/22. Sivyo. Kadiri unavyokuza, tundu linafanya kazi kama dogo zaidi ya namba iliyoandikwa: kwa 1:1, f/8 inafanya kazi kama f/16, na f/22 kama f/44. Mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo hivyo hutawanyika na picha nzima hulainika. Kwa hiyo baki kati ya f/8 na f/11. ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, iache 100 au 200. Kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, itakuwa ndogo, labda nusu sekunde, hata sekunde nzima, na si neno, kwani ua halitikisiki. Weka taima ya sekunde 2 ili mtetemo wa kidole uishe kabla shata haijafunguka.

Zima fokasi ya otomatiki. Kwa ukubwa huu inahangaika mbele na nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaza pete ya fokasi mahali pamoja, kisha sogeza ua. Glasi yako ikae juu ya kitabu, na kitabu ukitelezeshe kidogo kidogo kwa kidole huku ukitazama skrini iliyokuzwa. Utaona kijisahani kikitembea: ukingo wa petali, kisha katikati, kisha nyuma. Simama pale unapotaka. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kidole juu ya ua hadi fokasi ijifunge, halafu telezesha kitabu vivyo hivyo.

Unapotaka wapi? Kosa langu la mwanzo lilikuwa kufokasi petali ya mbele kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Petali inapendeza kwa sekunde moja. Jicho huenda katikati, na likikuta ukungu huko linaondoka. Kwenye kishonanguo tafuta yale maua madogo ya manjano yaliyofunguka. Kila moja ni mrija wenye ncha tano mdomoni. Kutoka ndani yake inachomoza neli ya kahawia iliyokolea yenye chavua, na katikati ya neli hiyo kijiti kinachosukuma chavua nje kama brashi ya kusafishia chupa. Kijiti kikishatoka juu, ncha yake hupasuka sehemu mbili na kujikunja kila upande. Fokasi hapo, kwenye hiyo mikunjo.

Njia rahisi ya kupata sehemu kubwa iliyo wazi bila ujanja wowote ni kuligeuza ua. Ukilitazama kutoka juu, kichwa kikiwa sambamba na lenzi, au ubavuni kabisa, sehemu nyingi zinaingia ndani ya kijisahani kwa pamoja. Ukilitazama kwa mshazari, unapata ukanda mmoja tu. Mshazari nao una uzuri wake, ila uchague kwa kujua.

Kuunganisha picha nyingi

Ukitaka ua zima lionekane kuanzia mbele hadi nyuma, piga picha kadhaa, kila moja ikifokasi mbele kidogo ya iliyotangulia, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Hatua kati ya picha na picha iwe ndogo kuliko kina cha fokasi, yaani unene wa kile kijisahani, ili zipandane. Kama ua lina kina cha milimita 8 na kila picha inafunika milimita 1, sogea nusu milimita kila mara: ni picha 17 hivi. Kamera nyingi mpya zinafanya mpangilio huu zenyewe. Programu kama Helicon Focus na Zerene Stacker zimetengenezwa kwa kazi hii, na enfuse ni ya bure kwa asiyetaka kulipia.

Fanya haraka. Ua lililokatwa halijafa. Linaendelea kunywa, linageukia mwanga, linaregea. Kwa dakika 10 hulioni likisogea, lakini picha ya kwanza na ya mwisho hazitalingana, na kwenye kingo za petali utapata vivuli viwili viwili. Mpangilio wote, pamoja na mwanga, umalizike kabla hujaanza kupiga.

Matone

Kila mtu anataka umande. Chupa ya kupulizia inatosha, mara moja au mbili ukiwa mbali kiasi. Maji matupu hukauka upesi. Ukichanganya na gliserini, matone yanashikana na kudumu, ila ua hilo halitafaa tena kwa picha nyingine kwa kuwa linanata. Binafsi matone naona yametumika kupita kiasi, isipokuwa mchezo mmoja: ning'iniza tone kwenye ncha ya jani na uweke ua jingine nyuma yake kwa umbali wa sentimeta chache. Fokasi ndani ya tone. Utaliona lile ua la nyuma humo ndani, dogo, limepinduliwa miguu juu.

Maua yakinyauka, usitupe kila kitu

Kishonanguo kikiacha petali zake, kinabaki na mbegu nyeusi nyembamba zilizotawanyika kama miale. Hazinyauki, hazisogei, wala hazikimbizani na saa, kwa hiyo ni mazoezi mazuri ya kuunganisha picha nyingi. Kila mbegu ina miba miwili au mitatu kichwani. Jina la kitaalamu la mmea, Bidens, lina maana ya meno mawili. Chomeka mbegu moja wima kwenye kipande cha kizibo, mwanga utoke nyuma, nyuma yake pawe peusi, ukuze kadiri uwezavyo. Kwenye kila mwiba utaona vijimeno vidogo vilivyoelekea nyuma, kama ndoana. Ukiwa umemaliza na bado una nguvu, angalia upindo wa suruali uliyoivaa asubuhi ulipokwenda kuchuma. Bila shaka ziko nyingine huko, zimeshika uzi. Usizing'oe, ipeleke suruali mezani kama ilivyo.